Kitanda cha Mpakani

"Umesikia lakini? Mama Smy kakipigilia kitanda chake misumari."

Dinah Pallant aliyasema hayo kisimani, ndoo yake imeshajaa zamani, maana Dinah hakuwa mtu wa kuondoka kisimani kwa sababu tu ndoo imejaa. Thirza Garrod alikuwa akivuta kamba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulimbeba Hester, mtoto wake wa kwanza, na Hester alikuwa amekishika kifungo cha gauni la mamake kama mtu anayegonga mlango wa duka lililofungwa.

"Misumari ya nini?" Thirza akauliza.

"Ya kitanda, shoga, si nimekwambia! Miguu yote imegongwa sakafuni. Nimeisikia nyundo kwa masikio yangu, ko, ko, ko, nikasema moyoni, huyu kizee anajichongea jeneza mwenyewe? Nikapita dirishani kwake..."

"Ulipita au ulichungulia?"

"Nilipita polepole," Dinah akasema bila haya. "Kiuno kilikuwa kinaniuma. Basi nikamwona kapiga magoti anagonga, na lile jitu la binti yake, Rhoda, linamshikia misumari kama mishumaa ya kanisani. Akili imeruka, ndivyo wanavyosema watu. Wengine wanasema anapigilia ili marehemu mumewe asije akatoka kaburini akakisogeza."

Thirza akaendelea kuvuta kamba. Dinah, ambaye kimya kilimchosha upesi, akahamia kwingine. "Na wewe, Mama Hester, huyo utamwachisha ziwa lini? Ana meno ya kutafuna hatamu za farasi."

"Wiki hii naanza."

"Umeanza kuanza tangu Pasaka."

Ilikuwa kweli, na sababu yake Thirza hakutaka kuitoa mbele ya Dinah. Pale Thorling, mtoto wa kuachishwa ziwa hakuachishwa kwao. Alipelekwa kulala kwa Mama Smy. Mama mtu alibaki nyumbani na majani ya kabichi kifuani ya kukausha maziwa, akilia kimyakimya, na mtoto akalia kwa sauti huko, kwenye kitanda kipana cha Mama Smy, kati ya yule bibi na binti yake Rhoda. Baada ya siku kadhaa alirudi anakula mkate uliolowekwa kwenye maziwa kama vile hajawahi kujua kitu kingine. Thirza alikuwa amepanga kumpeleka Hester mwezi wa tano. Lakini mwezi wa tano ndipo mambo ya mpaka yalipoanza.

Alirudisha ndoo nyumbani, akakata nusu ya mkate, akaufunga kwenye aproni yake, akashuka bondeni.

Nyumba ya Mama Smy ilikuwa ya mwisho kabisa kijijini, kando ya korongo ambamo kijito kilikuwa kikipita kabla hakijahamishwa. Na hapo ndipo penye kisa chote. Kaunti ya Suffolk ilikatwa vipande tangu enzi za wafalme ambao hakuna anayewakumbuka, na kila kipande watu wanakiita Mia. Thorling ilikuwa pembezoni mwa Mia ya Harksey. Ukivuka kijito, umeingia Mia ya Dunmere. Kwa mtu mwenye shamba na ng'ombe, hayo yalikuwa majina tu. Kwa maskini haikuwa hivyo. Harksey, mtu aliyeishiwa nguvu alipewa mkate na kuni, akazeekea kwake, akazikwa karibu na watu wake. Dunmere walijenga Nyumba ya maskini. Ilikuwa ya matofali mekundu, madirisha yake juu mno hata mrefu hachungulii. Humo wanaume walikaa kwao, wanawake kwao, vikongwe kwao, na wenye akili pungufu chumba cha nyuma chenye kufuli kwa nje. Mama aliyeingia na mwanawe aliagana naye palepale mlangoni.

Mwaka uliopita bwana mwenye malisho ya chini alitaka nyasi zake zikauke. Akachimba mtaro ulionyooka, kijito kikahamia humo. Walipokuja wapima ardhi kugawa uwanja wa kijiji na kuuzungushia ua wa miba, waliona ni upuuzi mpaka wa Mia mbili kufuata korongo lisilo na maji. Wakauchora upya, kutoka jiwe la zamani moja kwa moja mpaka kwenye daraja jipya. Kwenye karatasi ulikuwa mstari mzuri. Kwenye ardhi uliingia kwa mlango wa Mama Smy na kutokea kwa dirisha lake.

"Karibu Dunmere," Mama Smy akasema Thirza alipoinama kuingia. "Sogea hatua mbili, pita mekoni, utakuwa umerudi Harksey. Angalia usivunjike mguu njiani, maana sijui nitamwita mganga wa wapi."

Mstari wa chaki ulikuwa bado upo sakafuni, mweupe, umeanza kufifia penye njia ya miguu. Mama Smy alikuwa kikongwe mdogo, mkavu, vidole vimepinda kwa kusokota nyuzi, nywele zake nyeupe amezisuka msuko mmoja mrefu mgongoni. Nyuma yake alisimama Rhoda, mwanamke mtu mzima, mrefu kama mlango, naye ameanza mvi. Alikuwa ameshika kamba ya aproni ya mamake. Alimwona Hester akatabasamu, akaanza kuimba kwa kufumba mdomo ule wimbo wake mmoja usio na maneno, na Hester akanyoosha mikono.

"Kuku wangu ndiye amenishinda," Mama Smy akaendelea. "Analala Dunmere, anataga Harksey. Yai nikilila sijui nakula la wapi."

"Mama Smy, watu wanasema umepigilia kitanda."

"Dinah kashasambaza? Nilijua. Kiuno chake kikimuuma, kijiji kizima kinapata habari."

Kitanda kilikuwa pale karibu na meko, upande wa Harksey, kichwa ukutani. Jonas Smy ndiye aliyekiunda mwaka waliooana, kwa mti wa kivuli chao wenyewe ulioangushwa na upepo. Kazi ya Jonas ilikuwa kusuka nyua za fito za kufungia kondoo, na hakuwahi kuunda kitanda kabla ya hapo wala baada ya hapo. Alikifanya kipana ajabu, kwa sababu alitaka watoto wengi. Watoto walikuja, na mmoja baada ya mwingine wakaenda makaburini, homa huyu, kifua yule. Aliyebaki ni Rhoda, aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, wakasema hataishi wiki; akaishi, ila akili yake ikabaki ya mtoto. Baada ya Jonas naye kuondoka, kitanda kikawa kikubwa mno kwa watu wawili. Siku moja jirani aliyekuwa mgonjwa akaleta mtoto wake wa kuachishwa, kwa msaada wa siku chache tu. Mtoto akanyamaza kwa wimbo wa Rhoda. Tangu hapo ikawa desturi. Amos, mume wa Thirza, aliachishiwa ziwa kwenye kitanda kile. Watoto wa kiume wa Bwana Jessup, msimamizi wa maskini wa Harksey, nao vilevile. Nusu ya wanaume wa Thorling waliwahi kulala pale, wamejikunja, wamechoka kulia, Rhoda akiwaimbia.

Rhoda mwenyewe hakuwahi kuachishwa. Kwa maziwa, ndiyo. Lakini kulala hakuweza mpaka ajizungushe msuko wa nywele za mamake kwenye kifundo cha mkono. Ndivyo alivyolala tangu mtoto, na ndivyo alivyolala mpaka sasa. Mamake akigeuka, naye hugeuka.

Thirza aliinama akaitazama miguu ya kitanda. Misumari mikubwa, ya kiatu cha farasi, imepigwa ikapinda, ikapigwa tena. Mbao za sakafu zimepasuka kuzunguka kila mguu.

"Nimeipiga palepale kwenye mashimo yake," Mama Smy akasema kwa fahari. "Yale mashimo miguu iliyoyachimba miaka yote. Sasa na waje. Kitanda ni cha Harksey, kichwa changu ni cha Harksey, na hakuna atakayekisukuma tena. Hata mimi mwenyewe na upumbavu wangu."

Hapo Thirza akaketi ukingoni mwa kitanda. Upumbavu ule walikuwa wameufanya pamoja.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Kupaa, watu wa Thorling hutembea mpaka wao wote kwa miguu. Kasisi hutangulia, watu hufuata na fito zilizomenywa maganda, wakichapa kila jiwe na kila mti wa mpaka. Hawaamini karatasi, wanaamini nyayo. Aliyetembea leo ndiye shahidi wa kesho, na neno la waliotembea halipingwi. Na mpaka lazima utembewe palepale ulipo. Ukipita topeni, mtu anaingia topeni. Ukipita ndani ya nyumba, msafara unapita ndani ya nyumba.

Mwaka huu ilikuwa mara ya kwanza kutembea mstari mpya. Mama Smy aliposikia kwamba kasisi na wakubwa wote watapita chumbani mwake, hakuogopa. Alifurahi. Hakuwa na mgeni wa heshima tangu maziko ya Jonas. Alisugua sakafu, akaosha dirisha, akaoka maandazi ya zabibu kwa zabibu alizoazima. Asubuhi Thirza alipokuja kumsaidia, wakaona kitanda kimezidi, kimeziba njia ya kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Tukisukume, mwanangu," Mama Smy alisema. "Bwana Jessup na tumbo lile atapitaje? Atakwama, tutamlisha mpaka Krismasi."

Wakacheka, wakakisukuma. Kikaenda upande wa pili, chini ya ukuta wa kaskazini. Haikuwajia hata kidogo kwamba ukuta wa kaskazini ulikuwa Dunmere. Walichofikiria ni adabu ya kumpisha mgeni.

Msafara ukaja na kelele zake. Mtu mmoja akatangulia na kamba na chaki, akachora mstari. Watu wakapita wakichapa miimo ya mlango kwa fito, wakala maandazi, wakanywa bia. Bwana Jessup akasimama katikati ya chumba, mguu mmoja huku, mwingine kule, akakitazama kitanda.

"Kitanda chako ndicho hiki, Mama Smy?"

"Ndicho, bwana. Kazi ya Jonas."

"Na ndipo unapolala?"

"Ndipo ninapolala, bwana, mimi na Rhoda," akajibu huku akimwongezea andazi. Alidhani anaulizwa kuhusu kitanda.

"Mmesikia wote," Bwana Jessup akasema. Wote walikuwa wamesikia. Jioni kitanda kikarudishwa mekoni, kwenye mashimo yake.

Nyumba ikikatwa na mpaka, sheria inasema mwenye nyumba ni wa pale anapolala. Kitanda nacho kikikatwa, huangaliwa kichwa. Miguu inaweza kulala popote, lakini kichwa ndicho mtu. Ndivyo alivyokuja kuambiwa Mama Smy kabla mwezi haujaisha, mkate wake wa msaada uliposimamishwa. Yeye alikuwa wa Dunmere. Mbele ya mashahidi, kwa kinywa chake mwenyewe. Mtoto hufuata alipo mzazi, hivyo Rhoda naye alikuwa wa Dunmere.

Mahakimu walikaa siku ya soko kuliamua shauri hilo, katika chumba cha juu cha nyumba ya bia, kama kawaida yao. Thirza alikwenda, ingawa Amos alimwomba asiende. Nyumba yao wenyewe ilikuwa ya Bwana Jessup, na plau aliyoshika Amos ilikuwa ya Bwana Jessup. "Nenda ukakae tu," Amos alisema mwishowe. "Kaa nyuma. Mshike mtoto. Usifungue mdomo."

Alikaa nyuma. Akamshika mtoto.

Mbele walisimama Bwana Jessup wa Harksey na mtu wa Dunmere, mwembamba, mwenye mafua, na kila mmoja alitaka Mama Smy awe wa mwenzake. Waligombana kama watu wanaosukumiana mbwa mwenye upele. Mama Smy alikaa kwenye benchi katikati yao, kofia yake ya kanisani kichwani, Rhoda ameshika kamba ya aproni.

"Ni wa kwenu," mtu wa Dunmere akasema na kupenga kamasi. "Mwanamke amelala upande wenu maisha yake yote, kila mtu anajua."

"Kila mtu alikuwepo siku ya mpaka," Bwana Jessup akajibu. "Muulize kila mtu."

Hakimu mzee akamgeukia Mama Smy. "Ulisema unalala pale kilipokuwa kitanda?"

"Nilisema, mheshimiwa. Lakini..."

"Alisema," Bwana Jessup akamalizia.

Ndipo Thirza akasimama. Hakujua kama amesimama mpaka alipoona watu wanageuka. Akasema kwa sauti iliyomtoka nyembamba, "Tulikisogeza, bwana. Asubuhi ileile, mimi na yeye. Ili nyinyi mpate kupita."

Hester akashika kifungo.

"Nani huyu?" akauliza hakimu.

"Mke wa mmoja wa watu wangu," Bwana Jessup akasema taratibu, na hakumtazama Thirza. Alimtazama Amos, aliyekuja akasimama mlangoni.

"Na mwingine yeyote anajua kitanda hicho kilikuwa wapi zamani?"

Thirza akawatazama wanaume wa Thorling waliosimama kando ya ukuta. Aliwajua wote. Wale waliolala pale wakiwa wadogo, wale waliowapeleka watoto wao. Walizitazama kofia zao mikononi kana kwamba ndiyo kwanza wamezinunua. Hata Dinah Pallant, aliyejua kila kitu cha kila mtu, alikuwa ameangalia dirishani.

"Yapo mashimo!" Thirza akasema. "Miguu ya kitanda imechimba mashimo kwenye mbao, upande wa meko. Nendeni mkaone. Hayo hayawezi kudanganya."

Mtu wa Dunmere akachangamka, mafua yakamwacha. Hakimu akaona ni haki. Akawatuma watu wawili bondeni, wengine wakaagiza bia, na kwa muda ule wa kungoja Thirza alihisi kitu kama pumzi kinarudi kifuani. Alikuwa ameisahau misumari. Ni kweli aliiona kwa macho yake, akaigusa, lakini hofu ilikuwa imeifuta. Mama Smy hakuisahau. Thirza alipomtazama ili watabasamu pamoja, alimwona amefumba macho, na midomo yake imekuwa myeupe.

Watu wale wakarudi. "Mashimo labda yalikuwepo," mmoja akasema. "Sasa kuna misumari mipya na mbao zilizopasuka. Huwezi kujua chochote."

"Misumari?" hakimu akauliza.

"Kakipigilia, mheshimiwa. Juzijuzi tu."

Bwana Jessup hakucheka. Alifanya uso wa huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mheshimiwa, mtu anayelala alipolala siku zote hapigilii kitanda misumari. Anayepigilia ni yule aliyekihamisha."

Mama Smy akainuka. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa tu, bwana. Nilitaka kisiende popote."

Basi. Neno la kijiji kizima kilichotembea mpaka lilikuwa zito kuliko la mke wa mshika plau. Gari la Dunmere lingekuja Jumatatu kumchukua yeye na Rhoda, kuwapeleka kwenye Nyumba.

Chini, mlangoni, Dinah alimshika Thirza mkono. "Ningesema, shoga," akanong'ona. "Naapa ningesema. Lakini paa langu linavuja, na nani mwenye paa? Si ni yeye?" Thirza aliutoa mkono wake. Hakuwa na hasira naye. Hakuwa na nafasi ya hasira.

Amos alirudi kutoka shambani Ijumaa, akavua viatu, akakaa muda mrefu bila kula. Kisha akasema, "Bwana Jessup amesema huenda akaihitaji nyumba. Amesema ataona tunavyoendelea." Hakumlaumu. Alimchukua Hester akamweka magotini, na Hester akamtafuta Thirza kwa macho, akaanza kulia.

Maana wiki ile Thirza alikuwa ameanza kweli. Alijipaka shubiri. Hester alinyonya, akakunja uso, akamtazama mamake kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake, kisha akajaribu tena, na tena, akilia katikati. Thirza akakaza kitambaa juu ya kifua kilichojaa, na kila alipomsikia akilia maziwa yalitoka yenyewe, yakalowesha gauni. Alifikiri, huku ndiko kuachishwa kunakofanywa na mama mwenyewe, nyumba ileile, harufu ileile. Ndiyo maana wenzake wote walipeleka kwa Mama Smy. Mtu hawezi kuwa mlango uliofungwa na mlango wa kugonga kwa wakati mmoja.

Jumamosi jioni, jua bado lipo kwenye paa za majirani, aliinua macho kutoka kwenye beseni la nguo akawaona wanapanda kutoka bondeni. Mama Smy hakuwa amepanda kile kilima tangu miguu yake ivimbe. Alikuwa akisimama kila baada ya kitambo, na Rhoda naye anasimama nyuma yake, ameshika kamba ya aproni kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine Rhoda alikuwa amekumbatia blanketi.

"Ingieni," Thirza akasema. "Ingieni ndani, keti, Mama Smy, utaanguka."

"Sikai. Nikikaa sitainuka." Alishika mwimo wa mlango akavuta pumzi. "Nimeing'oa misumari. Yote. Rhoda alivuta, ana nguvu kama fahali. Nilifikiri, kwa nini kikae kimefungwa, na wenyewe tunaondoka? Nimemwambia Amos akikate, awape majirani kuni. Ama kichukue wewe. Ni kipana. Utapata wengine."

"Mama Smy, nitakwenda tena kwa yule hakimu. Nitakwenda kwa kasisi, yeye alipita, yeye mwenyewe alikula andazi..."

"Mwanangu, nyamaza." Alisema kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto aliyeota ndoto mbaya. "Umeshasema. Ni wewe peke yako uliyesema, na nimekusikia, na Jonas huko aliko amekusikia. Sikuja kwa hilo. Najua pia Jessup amemwambia nini mumeo, kwa hiyo ukikataa hili nalo nitaondoka na sitakuwa na kinyongo."

Hester alikuwa ameketi sakafuni, uso umevimba kwa kulia. Rhoda alimwona. Akaachia ile kamba, kwa mara ya kwanza Thirza anamwona akiiachia mwenyewe, akapiga magoti, akaanza ule wimbo wake. Mama Smy akawatazama wawili hao, na mkono wake ukapanda ukaushika msuko wake wa nywele, ukaushikilia, kama vile wenyewe haujui kwamba Rhoda hayupo tena pale.

"Pale mlangoni pa Nyumba watamshika huyu mkono, na mimi watanishika mkono, na kila mtu upande wake," akasema. "Hajawahi kulala bila mimi. Hata siku moja tangu azaliwe. Akianza kulala bila mimi kulekule atapiga kelele, na mle ndani mwenye kelele hapewi wimbo, anapewa mlango wa kufuli. Nimefikiri mpaka kichwa kimechoka. Hakuna kingine ninachoweza kumpa. Kama ni lazima alie, basi alie mahali anapopendwa. Leo, na kesho. Pengine siku mbili zitamsaidia kidogo. Pengine hazitamsaidia. Mimi nitakuwa kule chini, nitamsikia, na sitapanda. Hata akiniita, usije kuniita."

Thirza alitazama nyuma, kwenye kitanda chao chembamba, na shati la Amos linalokauka kwenye kiti, shati la mtu ambaye kesho au keshokutwa angeulizwa kwa nini mtu wa Dunmere amelala katika nyumba ya Bwana Jessup. Maziwa yalikuwa yametoka tena. Aliyahisi yakishuka, ya moto, kisha ya baridi.

Mama Smy akachukua blanketi mikononi mwa Rhoda, akamnyooshea.

"Unamwachisha wa kwako," akasema. "Tafadhali, mwanangu. Niachishie na wangu."